Mwaka Mmoja na Ratili 20

Mwaka 2004, ukimuuliza mzazi yeyote wa Minnesota, Marekani, mtoto anageuzwa lini kwenye kiti chake cha gari ili aanze kutazama mbele, jibu lilikuwa tayari mdomoni: mwaka mmoja na ratili 20. Ratili 20 ni kilo 9 na kidogo. Masharti yalikuwa mawili na yote yalitakiwa kutimia. Mtoto mnene wa miezi 8 alisubiri siku yake ya kuzaliwa. Mwembamba aliyetimiza mwaka alisubiri mzani. Muuguzi wa kliniki alisema hivyo, kipeperushi kilichobandikwa mlangoni kilisema hivyo, na sisi wanawake wa Kikenya tuliokuwa tukikutana Brooklyn Park kwenye arusi na matanga tuliambizana hivyo hivyo. Sikumbuki hata mmoja aliyebisha.

Habari za watoto tuliulizana kwa mpangilio. Ameota meno? Anasimama? Ameshageuzwa? Kugeuzwa kulikuwa kumeingia katika hatua za kukua, pamoja na kutambaa na kuacha ziwa. Mtoto aliyetazama nyuma alihesabiwa bado kichanga. Aliyetazama mbele amekua, amejiunga na watu wanaoiona barabara. Familia nyingine zilipiga picha siku hiyo, mtoto kavishwa nguo mpya, na picha zikatumwa Mombasa au Kisii kwa ndugu ambao hawakuelewa hasa kinachosherehekewa ni nini.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Januari ya mwaka huo, katika baridi inayogandisha kope. Kabla hatujatoka hospitali muuguzi alitaka akione kiti. Alitufundisha kwamba mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega ya mtoto au chini yake kidogo, na klipu ya kifuani ikae usawa wa kwapa. Koti zito tulivue kwanza, kwa sababu gari likigongwa manyoya ya koti husinyaa na mkanda uliodhani umekaza unakuwa umelegea. Blanketi litandazwe juu baada ya kufunga. Alirudia mara ya pili, akatuangalia tukifunga wenyewe, akaifungua mikanda akatuambia tufunge tena. Yote aliyotufundisha yalikuwa sahihi siku ile na ni sahihi leo. Nayataja kwa makusudi, maana sitaki mtu aisome habari hii akadhani tulikuwa mikononi mwa watu wazembe.

Ila mtoto anayetazama nyuma humwoni uso. Unasikia sauti tu. Nilikuwa nikimchukua kwa mlezi wake usiku nikitoka kazini, barabara kuu imejaa theluji iliyokanyagwa ikawa barafu, naye analia nyuma yangu. Kilio nilikizoea. Ukimya wa ghafla ndio ulionitisha, nikawa natafuta pa kutokea barabarani ili nisimame nimtazame, nimkute amelala. Baba yake alitundika kioo kwenye kiti cha nyuma, hivyo kioo cha dereva kikaonyesha kioo kingine na ndani yake kipande cha paji la uso. Kwa hiyo alipotimiza mwaka, na mzani wa kliniki ukasema amepita ratili 20, hatukusubiri kufika nyumbani. Kiti kiligeuzwa palepale kwenye maegesho ya kliniki, baba mtu kakiminya kwa goti huku anavuta mkanda, vidole vimekufa ganzi. Tulirudi nyumbani tukitazamana na mtoto. Alicheka njia nzima.

Nafurahi kwamba nilikipata kicheko kile. Lakini kila nikiikumbuka siku hiyo moyo unasita, na si kwa sababu tulivunja kanuni yoyote. Hatukuvunja. Tuliitii herufi kwa herufi, tukaisubiri siku yake, tukapima, tukageuza. Utii wetu ndio ulioishia mahali ambapo ujuzi ulikuwa umeshapapita zamani.

Mama yangu alikuwa amekuja kutusaidia kiangazi cha mwaka ule wa kwanza. Alikuwa amelea watoto saba Mombasa na hakupata kuona mtoto akielekezwa kwenye mgongo wa kiti. Siku ya kwanza alisimama nje ya gari, mkono kwenye mlango, hataki kuingia.

“Mwanangu,” akaniambia, “huyu kakosa nini hata mkamgeuzia ukuta?”

“Mama, ndivyo wanavyokaa huku. Wakigongwa ndivyo wanavyopona.”

“Nipe mimi nimpakate. Nimekupakata wewe kutoka Mombasa mpaka Lamu, na maji tumevuka, na hukuanguka.”

Nilimweleza kuwa sheria haikubali. Akaingia garini kimya, akaketi ubavuni mwa kiti, akautia mkono wake ndani na mtoto akakishika kidole chake. Alikaa hivyo kila safari, mwili wote umepinda, mpaka alipoondoka. Mama hakuwa mjinga na sitamsimulia kama mjinga. Kwake yeye usalama wa mtoto ulikuwa mwili wa mtu mzima, na maisha yake yote alikuwa hajaona ushahidi wa kumkanusha.

Wala hakuwa peke yake katika imani hiyo. Jimbo la kwanza la Marekani kulazimisha viti vya watoto lilikuwa Tennessee. Sheria ilipitishwa 1977 ikaanza kufanya kazi Januari 1978, baada ya juhudi za daktari wa watoto wa Murfreesboro aitwaye Robert Sanders. Wabunge wa jimbo waliikubali, lakini wakaipenyezea kifungu: mtoto wa chini ya miaka 4 akae kwenye kiti, isipokuwa amepakatwa na mtu mkubwa. Ilichukua mpaka 1981 kukiondoa kifungu hicho. Kufikia 1985 majimbo yote yalikuwa na sheria ya aina hii. Maana yake ni kwamba nilipokuwa mtoto mdogo nikipakatwa kwenye basi la Malindi, watunga sheria wa nchi yenye magari mengi kuliko zote walikuwa wakiamini alichokiamini mama yangu.

Mikono haiwezi, na si kwa kukosa mapenzi. Gari likienda kilomita 50 kwa saa likagonga kitu kisichosogea, husimama kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Vilivyomo ndani vinaendelea na mwendo ule ule mpaka kitu kivizuie. Katika nukta hiyo mtoto wa kilo 9 huvuta kwa uzito wa kilo 200 na zaidi. Hakuna baba wala mama anayeushika. Na kama aliyempakata hana mkanda, mwili wake wenyewe ndio unaomfuata mtoto na kumkandamiza.

Desemba ya mwaka ule wa 2004 tulikwenda nyumbani. Tulikibeba kiti, tukakikokota viwanja vitatu vya ndege. Ndani ya ndege zenyewe mtoto wa chini ya miaka 2 aliruhusiwa, na mpaka leo anaruhusiwa, kupakatwa bila tiketi ya kiti. Mombasa mjomba alitupokea na Peugeot 504 yake, kaisugua mpaka inang'aa. Siti ya nyuma haikuwa na mkanda hata mmoja. Kiti cha mtoto hakina maana bila kitu cha kukifunga. Kukiweka tu juu ya siti ni kuongeza kitu kimoja zaidi cha kurushwa. Kikaenda kwenye buti, chini ya masanduku. Mtoto akaenda mapajani kwa nyanya yake, aliyekuwa ameingoja saa hiyo tangu kiangazi, na tukapita Changamwe, Kibarani na Makupa katikati ya malori ya bandari, nami nikiyatazama magurudumu yao yaliyofika usawa wa dirisha. Mama alikuwa na furaha ambayo sikuwa na haki ya kuikatiza. Mwaka huo huo, tangu Februari, kanuni ambazo kila mtu aliziita kwa jina la Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilikuwa zimezitia matatu mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mikanda ilikuwa imefika, ya watu wazima. Mtoto alibaki juu ya mapaja ya aliyefungwa.

Miaka ilipita kabla sijausoma mwenyewe ule mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani, wa mwaka 2002, ambao wote tuliukariri bila kuuona. Mwaka mmoja na ratili 20 zilikuwamo. Lakini zilikuwa kiwango cha chini kabisa, mpaka ambao mtoto asigeuzwe kabla yake. Na maelezo hayakuishia hapo. Yaliendelea kusema kwamba kama kiti kinaweza kumbeba mtoto mzito zaidi akiwa ametazama nyuma, kwa kinga bora abaki hivyo mpaka afikie uzito wa mwisho wa kiti hicho, ilmradi kichwa chake kisivuke ukingo wa juu. Kiti chetu cha pili, kile tulichokigeuza kwenye maegesho, kilikuwa na lebo ubavuni: kutazama nyuma, mpaka ratili 30. Karatasi ilikuwa imebandikwa pale muda wote. Kati ya mwongozo na sisi, kwenye mabango na mazungumzo na haraka za kliniki, nusu ya kwanza ilifika na nusu ya pili ikapotea njiani. Kilichokuwa mwiko wa kutangulia kikawa tarehe ya kusherehekea.

Hata hizo ratili 20 hazikutoka kwenye mwili wa mtoto. Viti vya kwanza vya vichanga vilivyouzwa Marekani vilitengenezwa kubeba uzito huo, basi. Mtoto akikizidi kiti, kwenye duka hapakuwa na kingine cha kutazama nyuma, ikabidi ageuzwe. Kikomo cha plastiki kikageuka kuwa ushauri, na ushauri ukaishi miaka mingi baada ya viti vikubwa kuingia sokoni.

Shingo ya mtoto ina hesabu nyingine. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima hakifiki hata sehemu moja ya saba. Mzigo huo umesimama juu ya pingili ambazo bado hazijawa mfupa kamili. Kila pingili ya shingo huanza ikiwa vipande, vimeungwa kwa gegedu laini, na vipande hivyo huendelea kushikana polepole, vingine mpaka mtoto anakaribia miaka 6. Gari likisimama ghafla na mtoto akiwa ametazama mbele, mikanda huzuia mabega na nyonga lakini kichwa kinaendelea. Gegedu linakubali kuvutika. Mishipa ya fahamu inayopita katikati ya uti wa mgongo haikubali. Inakatika mapema sana kuliko mifupa inayoizunguka. Akiwa ametazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinasukumwa pamoja kwenye ganda la kiti, na nguvu inagawanyika juu ya eneo lote hilo. Ajali za kugongana uso kwa uso ndizo zinazoua zaidi, na ndizo kiti hiki kimetengenezewa. Hakuna chochote hapo kinachobadilika usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa.

Na watu walilijua hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwapo Uswidi daktari Bertil Aldman, baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers, mjini Göteborg. Aliangalia viti vya wanaanga wa mradi wa Gemini, jinsi vilivyofinyangwa kuufuata mgongo ili msukumo wa roketi usambae mwili mzima, akajiuliza kwa nini mtoto ndani ya gari asilazwe dhidi ya nguvu kwa namna hiyo hiyo. Kufikia 1964 kiti cha majaribio kilikuwa kikipimwa ndani ya gari la Volvo. Mwaka 1972 kampuni hiyo ikaanza kuuza kiti cha mtoto cha kutazama nyuma. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Uswidi wakakifanya kuwa desturi: mtoto wao anakaa ametazama nyuma mpaka miaka 4 hivi, anakunja miguu, anachungulia dirisha la nyuma, na hakuna anayemwona kama aliyecheleweshwa.

Mtu akiniuliza ni jambo gani katika habari hii yote linanisikitisha kuliko mengine, ni hilo. Mtoto wa Göteborg na mtoto wa Minneapolis wana shingo moja. Mwaka 2005 mmoja alikuwa bado na miaka mitatu mbele yake ya kukaa katika kinga ile, na mwingine alikuwa anageuzwa kwa shangwe kwenye maegesho. Ujuzi uliotokana na chombo cha anga cha Marekani ulikwenda Uswidi, ukakaa huko miongo minne, na ulipokuwa unarejea ulirejea kwa miguu.

Mwanangu wa pili alizaliwa 2010. Machi 2011, kabla hajatimiza mwaka, madaktari wa watoto walitoa tamko jipya: abaki ametazama nyuma mpaka miaka 2, au mpaka afikie kikomo cha urefu au uzito wa kiti chake. Nilisoma gazetini nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikasoma tena. Kaka yake alikuwa na miaka 7, mzima wa afya, anatafuta kiatu chini ya meza. Hakupata ajali yoyote katika ile miezi. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu na si la kujisifia nalo, maana wazazi wengine walitii kama sisi na barabara haikuwahurumia.

Huyu wa pili aliwashangaza watu. Kwenye arusi waliniuliza kama ana tatizo la kiafya, mbona jitu zima bado limegeuzwa nyuma. Mama mmoja ninayemheshimu sana, tunamwita Bi Mkubwa, alinivuta kando akaniambia miguu ya mtoto itapinda. Nilimwonyesha mtoto mwenyewe: kaikunja kama yuko mkekani, anakula ndizi. Miguu ndiyo hofu ya kila mzazi. Anaona magoti yamepanda juu ya mgongo wa siti anahisi mwanawe anateseka. Ukweli ni kwamba watoto wadogo hupenda kukaa wamekunja miguu hata sakafuni, na wanaoumia miguu kwenye ajali mara nyingi ni wale wanaotazama mbele, miguu yao inaporushwa ikagonga siti iliyo mbele yao. Na hata kama ingekuwa kinyume, mguu uliovunjika huungwa.

Kati ya tamko lile la 2011 na sasa kuna jambo ambalo wapenzi wa viti hivi, nami nikiwa mmojawao, hatupendi kulisema. Takwimu iliyotangazwa zaidi, kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 akitazama nyuma yuko salama mara 5 zaidi, ilitoka kwenye utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007. Wataalamu waliporudia hesabu hawakuyapata matokeo yale, na mwaka 2018 jarida lililouchapisha likauondoa. Mahesabu mapya yalionyesha kwamba watoto walioumia vibaya, wa upande wowote ule, walikuwa wachache mno kiasi kwamba tofauti haiwezi kuthibitishwa kwa namba hizo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeirudia ile mara 5 kwa watu wengi. Nimewarudia niliowakumbuka nikawaambia. Uchache wenyewe wa majeruhi ni habari njema: kiti kilichofungwa sawasawa, kielekee nyuma au mbele, humwokoa mtoto. Kilichobaki upande wetu ni jinsi mwili ulivyoumbwa, vipimo vya maabara vya nguvu inayovuta shingo, na miaka mingi ya uzoefu wa Uswidi. Mwezi Agosti mwaka huo huo wa 2018 madaktari wa watoto waliurekebisha mwongozo wao, na safari hii waliifuta ile miaka 2. Umri ukaondoka kabisa. Atazame nyuma kadiri inavyowezekana, mpaka kiti chenyewe kikatae. Naona walifanya vyema. Namba ikiwapo, watu huisubiri namba.

Sheria za majimbo, hata hivyo, zinahitaji namba, kwa sababu polisi wa barabarani hawezi kupima kinga. Minnesota ilisubiri mpaka Agosti 1, 2024 kuandika kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 atazame nyuma. Na palepale nikaona jambo la mwaka wangu wa 2004 likizaliwa upya. Binti wa kaka yangu anaishi karibu nasi. Ana msichana wa kwanza, mrefu kama ukoo wa baba yake. Wiki chache kabla mtoto hajatimiza miaka 2 alinipigia.

“Shangazi, Jumamosi tunamgeuza. Sheria inaruhusu.”

“Lebo ya kiti inasemaje?”

“Lebo ipi?”

Nilikwenda. Tulifunua pedi tukaipata, maandishi madogo, ubavuni karibu na chini: kutazama nyuma mpaka ratili 40. Mtoto alikuwa na 27. Tukamketisha tukapima kutoka utosini mpaka ukingo wa ganda. Viti vingi vya Marekani hutaka ibaki inchi 1. Kwake zilibaki zaidi ya 3. Tukasoma pia tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa kuwa plastiki ya viti hivi huchoka kwa joto na baridi. Mumewe, kijana mpole, alikuwa kimya muda wote, kisha akasema kwamba yeye anachokitaka ni kumwona usoni tu. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu ninakijua anachokisema. Nilimwambia siku ya kumgeuza ikifika atamwona mpaka amchoke, na ndivyo ilivyo: wa kwangu wa kwanza sasa ana ndevu na anaendesha yeye, mimi nakaa nyuma.

Siku hiyo ikifika nao watakuwa na kazi. Mikanda ya mabega itahamishwa, maana anayetazama mbele hutakiwa itokee usawa wa mabega au juu yake, kinyume cha sasa. Mkanda wa juu wa nyuma ya kiti, ule ambao wazazi wengi huuacha unaning'inia, utafungwa kwenye nanga yake, kwa kuwa ndio unaopunguza safari ya kichwa kwenda mbele. Nimewaandikia kwenye karatasi, ipo mlangoni mwa friji yao.

Desemba wanakwenda Mombasa, mara ya kwanza kwa mtoto. Binti aliniuliza kama kweli kuna haja ya kukibeba kiti, kwa kuwa nyumbani watakuwa wengi wa kumpakata. Nikamwuliza atakaa wapi kutoka uwanja wa ndege. Tukampigia baba yake, yaani kaka yangu, ambaye sasa ana Toyota iliyoletwa kutoka Japani, kama magari mengi ya Kenya siku hizi. Nilimwomba aangalie mambo mawili. La kwanza, kiti kisiwekwe mbele kwa hali yoyote: mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka nyuma ya kiti kinachotazama nyuma humpiga mtoto kichwani, na Marekani vichanga walikufa hivyo miaka ya 1990 mpaka onyo likaandikwa kwenye kila gari. Onyo la gari lake, akasema, limeandikwa Kijapani, ila picha anaielewa. La pili, mikanda ya siti ya nyuma.

“Haina,” akasema. “Kuna ile inayotoka juu, lakini pa kuichomeka hapana.”

“Umevalisha kava?”

“Nimevalisha, za ngozi, za kushonwa.”

“Kaka, tia mkono katikati ya siti, chini ya kava.”

Alinipigia baada ya saa nzima. Alikuwa amempelekea fundi kava, fundi akapasua mishono mitatu, na vifungo vyote vitatu vilikuwamo chini, vipya, havijawahi kuchomekwa. Tumekubaliana kiti kikae nyuma upande wa kushoto, upande wa ukingo wa barabara, ili mtoto ashushwe bila kupitisha mtu kwenye magari. Akaniuliza kuhusu tuktuk, maana mama wa mtoto atataka kwenda sokoni Marikiti. Tuktuk haina mkanda wala pa kukifunga kiti. Nimemwambia kaka amwache mtoto nyumbani kwa mkewe, mama wa mtoto aende. Pia nimemwomba ampime nyanya wa binti, mama yetu, ambaye sasa magoti yanamsumbua, kama ataweza kupanda na kuketi siti ya katikati karibu na kiti. Anasema ataweza. Ameshauliza mtoto anapenda kushikwa mkono gani.